Kujenga nyumba ya mama Tanga ukiwa Uingereza: namna ya kusimamia bila kuwepo saiti

Boma langu la kwanza, yaani kuta za nyumba kabla ya paa, lilipendeza sana kwenye simu. Kuta zimenyooka, fundi kasimama mbele ameshika kiuno, jua la saa sita limepiga tofali. Nilipotua Desemba na kwenda kulitazama, juu ya dirisha la sebuleni kulikuwa na ufa unaoingia kidole. Nondo zilizochungulia kwenye nguzo ya kona zilikuwa za mm 10, na mimi nilikuwa nimelipia mm 12. Mhandisi niliyemwita akachimba pembeni ya msingi, akagongagonga, akaniambia hata chini hapabebi. Tulibomoa lote.

Ndugu yangu niliyekuwa namtumia hela hakuwa mwizi. Alikuwa na ada za watoto, mkewe akaugua, ukaja msiba, na kila jambo lilipotokea hela ya saruji ilikuwa mfukoni mwake. Aliniambia, "Dada, hela ilikuwepo, na shida nazo zilikuwepo." Tulikaa miaka miwili tukisalimiana kwa shida.

Mama alisema siku ile, fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini nyumba anayokaa sasa, upande wa Kange, nimeijenga nikiwa Leicester, nafanya kazi ya kulea wazee zamu za usiku. Kilichobadilika ni kimoja: anayejenga, anayepokea vifaa na anayepima niliwatenganisha, wakawa watu watatu tofauti. Yote ninayoandika hapa chini yanazunguka jambo hilo.

Hatua ya kwanza: kiwanja na jina lililo juu yake

Kama kiwanja kina hati, wakili wako aende ofisi ya ardhi afanye upekuzi. Ataona mmiliki ni nani, kama kuna mkopo wa benki au zuio la mahakama juu yake, na muda wa umiliki, yaani miaka 33, 66 au 99. Picha ya hati uliyotumiwa kwenye WhatsApp haijakuambia chochote. Muuzaji akiwa na mume au mke, naye asaini ridhaa, kwani bila ridhaa hiyo mauziano yanaweza kuja kupingwa. Kama kiwanja hakijapimwa, pita serikali ya mtaa, ila usiishie kwa mwenyekiti. Majirani wa pande zote wasimame mpakani siku moja, wakubaliane mbele ya mashahidi, waandikwe.

Hata kiwanja kilichopimwa, mlipe mpimaji arudi akazitafute bikoni, zile alama za mipaka, kabla msingi haujachimbwa. Wangu alizikuta tatu. Ya nne ilikuwa ndani ya banda la kuku la jirani. Tuliongea, mama akapeleka sukari na maneno mazuri, tukachangia mbao, banda likasogea mita mbili. Ingekuwa ukuta wa nyumba tungekuwa baraza la ardhi mpaka leo.

Kuhusu jina, kuwa mwangalifu mno. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ilivyotungwa haikumpa ardhi asiye raia isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na mtu mzima hawezi kuwa raia wa Tanzania na wa nchi nyingine kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukishachukua pasipoti ya Uingereza, kiwanja ni suala la kumuuliza wakili kabla ya kutoa hata shilingi. Sheria zimeanza kurekebishwa kuweka hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, basi ulizia utaratibu uliopo siku unayonunua, usitegemee alichokuambia mtu kwenye sherehe. Mimi bado ni raia, na hati iko kwa jina langu. Wengi huandika jina la mama au la kaka kwa heshima. Ni jambo jema, ila elewa maana yake: cha mama ni cha mama, na siku Mungu akimchukua kitaingia kwenye mirathi pamoja na wadogo zako wote. Kama ndivyo unavyotaka, sawa.

Mtu wa kukuwakilisha mpe hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili na kushuhudiwa na mthibitishaji au ubalozini. Itaje kazi moja moja: kuomba kibali, kuomba umeme, kuomba maji, kusaini mkataba wa ujenzi wa kiasi fulani. Iandikwe wazi kwamba haimruhusu kuuza, kugawa wala kuweka rehani. Weka tarehe ya kuisha. Ikitumika kwenye mambo ya hati ya ardhi, isajiliwe kwa Msajili wa Hati.

Hatua ya pili: ramani ya watakaokaa humo

Kosa letu sisi wa nje ni kujenga nyumba ya picha tulizoziona huku. Mimi ramani yangu ya kwanza ilikuwa na ngazi tano za kupanda barazani na jiko la ndani la kisasa. Mama ana magoti mabovu. Na alipoulizwa anataka nini, alisema kitu kimoja tu: banda la jiko nje, lenye kivuli, kwa sababu wali wa nazi wa wageni kumi haupikwi kwenye jiko la gesi. Ramani ya pili ina baraza ya kupanda kwa mteremko, choo na bafu mlangoni mwa chumba chake, milango mipana, na banda la jiko nyuma. Mpigie simu atakayekaa kabla hujampigia mchoraji.

Paa pia liwe rahisi. Kila kona ya paa ni mbao za ziada, bati zinazokatwa na kutupwa, na mfereji ambao siku moja utavuja. Wewe uko mbali, huwezi kuja kuziba.

Mchoraji awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na michoro ya nondo na msingi itoke kwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Halafu lipia mchanganuo wa vifaa na gharama, ule ambao watu wa kazi huuita BOQ. Wengi wanauruka waokoe hela. Kwa aliye mbali hilo ndilo daftari la kuhojia kila mtu: linasema jamvi, yaani sakafu ya zege, litakula mifuko mingapi, linta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, nondo ngapi za ukubwa gani, paa bati ngapi. Bila hilo utakuwa unaulizwa "dada, tuongeze mifuko ishirini" na huna cha kujibu isipokuwa ndiyo.

Bei siziandiki hapa, zinabadilika kila msimu. Uliza maduka matatu.

Hatua ya tatu: kibali

Kibali cha ujenzi kinatolewa na halmashauri, kwa michoro iliyosainiwa na wataalamu hao. Usianze kuchimba bila kibali kwa sababu fundi amesema "tutamalizana nao". Atakayemalizana nao ni wewe, kwa faini au kwa alama nyekundu ya X ukutani. Soma pia masharti ya hati yako. Mara nyingi yanataka uwe umeendeleza kiwanja ndani ya miezi 36.

Hatua ya nne: watu watatu

Wa kwanza ni anayejenga. Anaweza kuwa mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, au fundi mkuu na vibarua wake. Kabla ya kukubaliana naye, mtume mtu akaone nyumba mbili alizomaliza, moja iwe imepitiwa na masika angalau mawili. Azungumze na mwenye nyumba, fundi asiwepo. Aangalie pembe za milango, chini ya madirisha na ukuta wa bafuni kwa nje. Nyufa na unyevu hujitokeza huko kwanza.

Mimi nilimpa fundi ufundi peke yake, vifaa nikanunua kwa mkono mwingine. Mkataba ulikuwa kurasa mbili za Kiswahili: kazi gani, kwa mchoro upi, kwa siku ngapi, kwa hela ngapi kila hatua, nani analisha vibarua, kazi mbovu inarudiwa kwa gharama ya nani. Mashahidi wawili na mjumbe. Bei iwe kwa shilingi.

Wa pili ni anayepokea vifaa. Hapa ndipo ndugu anaweza kukaa, ila asiguse hela. Kazi yake ni kupokea mzigo, kuhesabu, kusaini, kufunga stoo. Mimi nilimweka shemeji yangu, mtu wa kuandika kila kitu, na nikawa namlipa kila wiki. Mlipeni ndugu yenu. Mnampotezea siku zake mkisema "ni nyumba ya familia", halafu mnashangaa mifuko miwili ikipotea.

Wa tatu ni anayepima, na ndiye wa muhimu kuliko wote. Awe mhandisi au fundi sanifu ambaye hana undugu na fundi, hakuletwa na fundi, na haendi kunywa chai na fundi. Mlipe kwa kila ziara, wewe mwenyewe, moja kwa moja. Kwa nyumba ya vyumba vitatu nilimlipia ziara kumi na moja. Ukijumlisha zote hazifiki gharama ya lile boma nililobomoa, wala nusu yake, wala robo.

Wasalimiane, wafahamiane, lakini kila mmoja akuripoti wewe kivyake. Usifungue kundi moja la WhatsApp la wote watatu. Kwenye kundi watu wanastahiana, na jambo linalotakiwa kusemwa halisemwi.

Hatua ya tano: hela ifuate kazi iliyopimwa

Gawa nyumba kwa hatua: msingi na jamvi, boma mpaka linta, kozi za juu na kupaua, mabomba na nyaya pamoja na plasta, kisha kumalizia. Ndani ya kila hatua ufundi ulipwe mara mbili au tatu. Awali mpe fundi kiasi kidogo cha kuanzia, vibarua wapate chakula. Kinachofuata kitoke baada ya mpimaji kukuandikia maneno haya au yanayofanana nayo: "Nimekagua leo, kazi imefuata mchoro, lipa." Asipoandika, usilipe, hata fundi akipiga simu saa nane za usiku.

Katika kila malipo zuia sehemu ya kumi. Iandikwe kwenye mkataba mwanzoni, maana ukianza kuzuia katikati ya kazi itaonekana dhuluma, na kwa kweli itakuwa dhuluma.

Vifaa vikubwa, yaani saruji, nondo, bati, mbao, vigae, lipa mwenyewe kwenye akaunti ya duka au lipa namba yao, upewe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina lako. Kisha shemeji akapokee kwa risiti hiyo. Mchanga, kokoto na maji ya boza huwezi kuyalipia hivyo, ni vitu vya barabarani, basi tenga fungu dogo la wiki na lihesabiwe kila Jumamosi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na jambo lililoniokolea undugu wangu: fungua fungu la pili la shida za nyumbani. Liwe na kiasi chake kwa mwezi, lifahamike, na liwe mbali na la ujenzi. Msiba utatokea, mtoto atarudishwa shule. Ukiwa umejifanya huna kitu zaidi ya hela ya nyumba, watu watakula hela ya nyumba, na utawaita wezi kumbe uliwaacha bila mlango mwingine wa kubisha.

Hatua ya sita: kuona ukiwa mbali

Leicester na Tanga zimepishana saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi cha huku. Nikitoka zamu saa moja asubuhi, kule ni saa nne au saa tatu, mafundi wako kazini. Hapo ndipo nilipokuwa napiga simu ya video, nikiwa bado na sare, ndani ya basi. Sikutangaza siku. Kwa wiki mara mbili, nyingine mfululizo, nyingine baada ya siku nne.

Picha usiiamini peke yake, hata kama anayeituma unampenda. Dai mambo haya:

Video ianze barabarani, kwenye kitu usichoweza kukikosea. Kwangu ulikuwa mwembe wa jirani wenye tairi limening'inizwa. Kisha aingie, azunguke nyumba yote bila kukata.

Kila kipimo kiwe na utepe ndani ya picha, namba zikisomeka. Akisema msingi umeenda chini sentimita 90, utepe usimame shimoni.

Kitu chochote kitakachofunikwa kionwe kabla hakijafunikwa. Niliandika kwenye mkataba kwamba zege halimwagwi mpaka mpimaji awe ameziona nondo na mimi nimetumiwa video. Siku moja fundi alinipigia akiwa na furaha.

"Dada, hongera, leo tumemwaga linta ya nyuma!"

"Ahsante fundi. Mhandisi alipita?"

"Hakupita dada, lakini mashine ya kuchanganyia tulikuwa tumeikodi, siku ingepotea."

"Pole kwa kazi. Basi mpigie aje, atoboe sehemu mbili atakazochagua yeye. Zikiwa sawa, gharama ya kuziba ni yangu na siku iliyopotea nitailipa."

Zilikuwa sawa. Nikalipa kama nilivyosema, na sikupandisha sauti. Tangu siku hiyo hakumwaga tena kabla ya mtu kupita. Fundi akijua unatimiza neno lako pande zote mbili, hata akiwa peke yake saiti atafanya kana kwamba umesimama hapo.

Hesabu chache za kukaa nazo kichwani

Hizi alinifundisha mhandisi, na zimenisaidia kuliko kamera yoyote.

Nondo unaweza kuipima kwa mzani. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo za mita moja. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inakaribia kilo 10.7. Ya mm 10 ni kilo 7.4. Ya mm 8 ni kilo 4.7. Pima kwanza urefu, maana zipo zinazouzwa fupi kidogo. Nondo nyembamba zilizoandikwa mm 12 zipo sokoni, na kwa macho huzitofautishi. Shemeji alizifunga kumi kwa kamba, akaenda nazo kwa muuza vyuma chakavu mwenye mzani mkubwa, akalipa hela ya soda. Mzigo mmoja tuliurudisha dukani siku ile ile.

Zege la mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, hula mifuko kama 6 na nusu ya saruji ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Jamvi la nyumba ya mita za mraba 100 lenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 10, yaani mifuko kama 65. Ukiambiwa 110, uliza. Ukiambiwa 40, uliza zaidi.

Ukuta wa tofali za inchi sita hula tofali kama 10 kwa mita moja ya mraba. Pima urefu wa kuta zote kwenye ramani, zidisha kwa kimo, ondoa milango na madirisha.

Mifuko mitupu isitupwe. Ihesabiwe kila Jumamosi, ifungwe kumi kumi, ipigwe picha, ndipo ichomwe. Iliyoingia ukitoa iliyobaki stoo lazima ilingane na mitupu.

Hatua ya saba: mahali pa kukaza macho

Tofali. Mfuko mmoja ukitoa tofali 30 hadi 35 za inchi sita, zinafaa. Wapo wanaokamua 50 na zaidi. Kama unafyatua saiti, mpimaji awepo siku ya kwanza, halafu tofali zimwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima kabla hazijaguswa. Jaribio la nyumbani: tofali liangushwe kwenye udongo mgumu kutoka usawa wa kiuno. Likipasuka vipande viwili, afadhali. Likiwa unga, rudisha yote. Na mchanga usiwe wa baharini. Tanga bahari iko karibu na mchanga huo ni rahisi, ila chumvi yake inatafuna nondo na kuchubua rangi.

Saruji. Kiwanda kiko Pongwe, kwa hiyo Tanga saruji hufika ikiwa mpya, huna sababu ya kununua ya miezi mingi stoo. Ya 42.5, namba ya nguvu iliyo kwenye mfuko, ni ya nguzo, linta na jamvi. Ya 32.5 inatosha kujengea tofali na kupiga plasta. Fundi akisema zote ni saruji, mwonyeshe BOQ. Stoo iwe na mbao chini, mifuko isigusane na sakafu wala ukuta.

Msingi na jamvi. Kifusi kishindiliwe kwa tabaka, kimwagiwe maji, kishindiliwe tena. Wengi hujaza lori tatu kwa mpigo, wanasawazisha juu, na mwaka wa pili sakafu inabonyea katikati ya sebule. Kabla ya nailoni ya kuzuia unyevu kutandikwa, dawa ya mchwa inyunyiziwe. Mabomba ya maji machafu yapitishwe kabla ya zege na yapigwe picha yote, utepe ukiwa pembeni, kila moja kutoka ukutani ni sentimita ngapi. Picha hizo nilizichapisha, ziko kwenye kabati la mama. Fundi bomba atakayekuja baada ya miaka kumi hatavunja chumba kizima akitafuta bomba.

Kumwagilia. Hapa ndipo zege nyingi zinapokufa, na hakuna anayeibiwa kitu, ni uvivu tu. Zege linahitaji unyevu siku 7 kwa uchache, na nguvu zake huhesabiwa kwa siku 28. Nilimpa kijana wa jirani kazi hiyo moja: ndoo na kopo, asubuhi na jioni, na video fupi kila jioni zege likiwa limelowa. Ulikuwa ujira mdogo kuliko wote na uliofanya kazi kubwa.

Paa. Kenchi, yaani fremu za kubeba paa, ziwe za mbao zilizotiwa dawa mpaka ndani: akikata kipande, rangi ya dawa ionekane imezama, siyo ngozi tu. Bati, kumbuka namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Geji 30 ni nyembamba kuliko 28, na pwani upepo wa chumvi hauna huruma na bati jembamba. Misumari iwe na raba. Kila karatasi ya bati itazamwe mhuri wa geji kabla haijapanda, maana ikishapanda hutapeleka mtu juu kuihakiki.

Umeme, haraka tu: fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, maana bila mkandarasi wa namna hiyo ombi lako TANESCO halitakwenda. Usikubali nyaya ndogo kwenye soketi za jiko.

Shimo la maji machafu lichimbwe upande wa chini wa mteremko, mbali na kisima chako na cha jirani, na pawe na njia ya lori la kunyonya.

Hatua ya nane: lini upande ndege

Ukiwa na nauli ya safari mbili tu, usizipeleke kwenye Krismasi. Desemba mafundi wengi wanataka kwenda kwao, maduka yana foleni, na wewe utakuwa kwenye harusi. Njoo mara ya kwanza siku nondo za msingi na nguzo zinafungwa. Njoo mara ya pili boma likiwa kwenye linta, kabla ya kupaua, wakati kubadilisha dirisha bado ni kazi ya siku moja. Panga kazi za chini ziishe kabla ya masika ya Machi hadi Mei, na paa liwe juu kabla ya vuli ya Oktoba. Boma lisilo na paa likipigwa masika mawili huanza kuoza kwa juu.

Ukifika, siku ya kwanza usiende saiti na mtu. Nenda peke yako asubuhi sana, kaa na mlinzi, mnywe chai. Mlinzi anajua lori gani liliingia na lipi lilitoka usiku.

Hatua ya tisa: kumalizia na kukabidhi

Hapa hela huisha na hasira hupanda. Vigae, jipsamu, rangi, madirisha ya alumini, vitasa. Kila kimoja kina bei tatu, na kila mtu nyumbani ana maoni. Chagua vitatu vya kumaliza kabisa: chumba cha mama, choo chake, na mlango wa mbele wenye komeo la maana. Aingie akae. Vyumba vingine vikae na sakafu ya saruji mwaka mzima, havina ubaya. Nyumba yenye mtu haiibiwi nyaya, na mama akiwa ndani atakuambia bomba lipi linavuja kabla ya mpimaji yeyote.

Mita ya umeme iandikishwe kwa jina linaloeleweka, na wajulishe wenyeji kwamba tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, wasije wakadhani wanaibiwa uniti. Kodi ya pango la ardhi ni nyingine, hiyo lipa mwenyewe kila mwaka na utunze risiti pamoja na hati.

Ile sehemu ya kumi uliyoizuia, usiilipe siku ya kukabidhiwa funguo. Sisi tulikubaliana na fundi kwenye mkataba kwamba tutasubiri masika moja ipite. Aprili mvua ilipiga Tanga siku tatu mfululizo. Siku ya nne asubuhi nilimpigia mama, nikamwomba azunguke na simu chumba kwa chumba, aelekeze dari, kisha chini ya madirisha, kisha kona ya bafu. Kulikuwa na doa moja, ukubwa wa sahani, juu ya korido. Fundi alipanda siku hiyo hiyo, akabadilisha misumari miwili. Tukasubiri mvua nyingine, ikaja wiki iliyofuata, mama akaniambia dari ni kavu. Nikamtumia fundi hela yake yote na ya nauli juu yake.